Datsun 240Z imegoma uani: fuata dalili kabla ya kufungua injini

Mwenye gari la zamani Mwanza hachelewi kuambiwa, "Mzee, injini hii imeshakufa, tuitoe tuweke ya Toyota." Mara nyingi anaambiwa hivyo hata plagi moja haijafunguliwa. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo. Gari lipo uani Nyakato au Pasiansi, lilikaa miaka mingi juu ya matofali, sasa ameanza kulifufua na kila wiki linazusha jambo jipya.

Nimechagua Datsun 240Z kwa sababu ndilo gari la michezo ambalo wazee wetu wanalitaja kwa jina. Lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 kwa Shekhar Mehta. Lilitengenezwa kati ya 1969 na 1973, likiwa na injini ya L24 yenye silinda sita katika mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili za Hitachi za aina ya SU. Ukiwa na 260Z, Datsun 160J au gari lingine la kabureta na pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili ili cheche itoke), sehemu kubwa ya haya itakufaa pia.

Injini za ukoo huu hazifi kirahisi. Bloku ni ya chuma, cheni ya taimingi ni imara, na siti za valvu za ekzosi kwenye hedi ya alumini ni za chuma kigumu kilichopandikizwa, kwa hiyo petroli yetu isiyo na risasi haizisumbui. Vinavyokufa gari likilala ni petroli, raba, viungo vya umeme na bati. Gari linalokarabatiwa lina chanzo kingine pia, nacho ni mkono wa mtu. Kama tatizo limeanza baada ya kazi fulani kufanyika, anzia pale pale palipoguswa mwisho.

Kabla ya chochote, uwe na mtungi wa unga wa kuzimia moto karibu, stendi za chuma chini ya gari (jeki peke yake ishawaua watu), na hakikisha hakuna jiko la mkaa linalowaka ua huo huo wakati unagusa mfumo wa petroli. Hata jiko la jirani upande wa pili wa ukuta lihesabu, maana mvuke wa petroli hutambaa chini.

Unapiga stata, injini haizunguki

Anza na betri. Ikiwa imechajiwa na kupumzika, mita itasoma karibu volti 12.6. Acha mita pale pale, mwenzako apige stata. Ikishuka chini ya volti 9.6 betri haifai, hata kama taa zinawaka vizuri. Kisha fungua vichwa vya betri, vioshe kwa maji ya moto na magadi, vikwangue ndani mpaka ving'ae.

Betri ikiwa nzima, mtuhumiwa anayefuata kwa gari lililotoka kupakwa rangi ni waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini. Fundi rangi hupuliza kila mahali, kisha waya unarudishwa juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Chukua waya wa kubusti, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na bloku, piga stata. Injini ikizunguka kwa nguvu umelipata tatizo. Kwangua rangi chini ya boliti mpaka uone chuma kitupu, funga, kisha paka grisi juu yake.

Ukisikia "tak" moja kisha kimya, tazama solenoidi ya stata na kaboni zake. Kusiposikika kitu kabisa, fuatilia swichi ya ufunguo na waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi.

La mwisho ni injini kuganda. Hapa usitumie stata kwa nguvu, na usivute gari kwa kamba likiwa kwenye gia. Toa plagi zote sita, mimina oili kidogo ya ATF (ya gia za otomatiki) katika kila tundu, acha ilale siku kadhaa, kisha jaribu kuzungusha kwa spana kubwa kwenye boliti ya puli ya kranki, taratibu, mbele na nyuma. Ikikubali hata robo ya mzunguko, endelea kuipa oili na muda. Isipokubali baada ya hapo, simama. Pistoni iliyoshikana na silinda inataka fundi wa injini, na ringi zikivunjika kwa papara zitachana ukuta wa silinda.

Inazunguka vizuri, haiwaki

Hapa ndipo injini nyingi zinazikwa zikiwa hai. Unahitaji kujua vitu viwili tu: moto unafika kwenye plagi? Petroli inafika kwenye kabureta?

Moto kwanza. Chukua plagi ya akiba, ivike waya mmoja wa plagi, ilaze ili chuma chake kigusane na bloku, mbali na matundu ya plagi na petroli. Shika waya kwa koleo lenye mpira, mwenzako apige stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Cheche ya njano na nyembamba inaashiria pointi chafu au kondensa mbovu.

Fungua kifuniko cha distributa uzitazame pointi kwa karibu, kwenye mwanga wa jua. Gari likikaa, nyuso zake mbili hupata utando wa kijivu unaofanana na vumbi la saruji, mwembamba kiasi kwamba usipoinama huuoni. Huo peke yake unatosha kuzima gari. Pitisha msasa laini mara chache, futa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha weka nafasi kati ya milimita 0.45 na 0.55 kwa fila geji wakati pointi zimefunguka kabisa. Kama upande mmoja una kilima na mwingine una shimo, badilisha pointi pamoja na kondensa.

Moto usipokuwepo kabisa, kuna mambo mawili ya 240Z yanayowasumbua sana mafundi waliozoea magari ya siku hizi.

La kwanza ni rezista ya koili. Gari likiwaka pale ufunguo ukiwa kwenye stata, kisha likizima papo hapo unapouachia, rezista imekatika. Wakati wa stata umeme huipita rezista pembeni, na ukiachia ufunguo hulazimika kupita ndani yake. Usiiruke kwa kipande cha waya na kuendelea na safari, koili itachemka na pointi zitaungua. Swichi ya ufunguo iliyochoka huleta dalili hiyo hiyo, kwa hiyo pima volti upande wa pili wa rezista kabla ya kununua spea.

La pili ni geji ya mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Katika 240Z umeme wa koili hupitia geji hiyo. Ukiichomoa ili upake dashibodi rangi, au waya wake mmoja ukilegea, gari haliwaki ng'o, na mtu anaweza kubadilisha koili, pointi na distributa nzima bila kupata jibu. Kama dashibodi imeguswa karibuni, anza na geji hiyo.

Gari likikohoa, likipiga risasi kwenye kabureta na kukataa kushika, hakiki mpangilio wa nyaya za plagi. Silinda ya kwanza ni ya mbele, upande wa rejeta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4 na rota huzunguka kinyume cha saa. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi baada ya kuosha injini, dalili zake ni hizo hizo.

Moto ukiwepo, hamia kwenye petroli. Nusa tangi. Petroli iliyolala miaka hunuka kama vanishi, na kwenye bakuli la kabureta huacha gundi ya kahawia inayoziba jeti na kuinasa sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli likijaa. Petroli hiyo usiiongezee mpya juu yake. Imwage yote, ibebwe kwenye dumu la chuma na mfuniko, na isiishie kwenye mtaro unaoteremka ziwani.

Sababu kwa mpangilio wa jinsi zinavyojitokeza ni chujio lililoziba kwa kutu ya tangi, sindano ya floti iliyonasa, mpira wa petroli uliopasuka upande wa tangi na kuvuta hewa, kisha pampu ya petroli yenyewe. Kuna moja inayosahaulika nayo ni nyigu. Wale wanaojenga kwa udongo hupenda matundu membamba, na gari lililokaa chini ya mwembe muda mrefu lina matundu mengi. Wakiziba bomba la kupumulia la tangi, gari huwaka, huenda kilomita chache, kisha huzima kama limeishiwa. Fungua mfuniko wa tangi wakati huo huo. Ukisikia linavuta pumzi, "fsss", zibua njia ya hewa.

Kupima pampu, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, piga stata. Petroli iruke kwa vishindo. Isiporuka, pampu au njia yake ina kasoro.

Onyo ambalo nalisema kwa msisitizo: usifunge pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la injeksheni. Hiyo husukuma kwa takriban baa 3, wakati kabureta hizi zinataka chini ya baa 0.3. Sindano ya floti haiwezi kuizuia, petroli itafurika nje ya kabureta, na chini ya kabureta za L24 ndipo lilipo bomba la ekzosi. Ukikuta pampu ya namna hiyo, gari lisiwashwe mpaka itolewe.

Linawaka, lakini linamisi, linatoa moshi mweusi au linazima likisimama

Kabla ya kulaumu kabureta, weka taimingi na pointi sawa, na weka nafasi za valvu: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa ekzosi. Kabureta hurekebishwa mwisho. Ukianza nayo utazunguka hapo hapo wiki nzima.

Kisha kumbuka tulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyowekwa sawa kule pwani ikiletwa Mwanza inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinakuwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, gari linakula mafuta, na ukipanda Bugando linabanwa pumzi. Huo si ugonjwa wa injini.

Chini ya kila kabureta kuna nati ya kurekebisha mchanganyiko. Ipandishe mpaka juu kabisa bila kuikaza kwa nguvu, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Kabureta zote mbili ziwe sawa. Hapo ndipo pa kuanzia. Injini ikishapata moto, pandisha robo robo. Toa chujio la hewa, nyanyua pistoni ya kabureta kwa milimita moja kwa bisibisi nyembamba. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni pungufu. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha hapo, nenda kwenye kabureta ya pili.

Pistoni hiyo hiyo ipime injini ikiwa imezimwa: inyanyue kwa kidole mpaka juu uiachie. Lazima ishuke yenyewe na kugonga chini "tak". Ikikwama njiani imeshikwa na uchafu au sindano yake imepinda. Toa pia kifimbo cha juu uangalie oili nyepesi iliyomo. Ikikauka, gari linasita kila unapokanyaga mafuta ghafla, na mtu anaweza kusafisha jeti mara nyingi bila kujua kwamba shida ni kijiko cha oili.

Injini ikipanda mizunguko yenyewe na kutotulia, tafuta hewa inayoingia pasipostahili. Mpira wa busta ya breki huwa na nyufa zisizoonekana, gasketi za manifoldi hulegea, na mihimili ya kabureta huliwa na miaka. Mpira uliopasuka ni rahisi kubadilisha. Mhimili uliolegea unahitaji fundi mwenye mashine ya kuchonga kuuwekea bushi mpya.

Dalili moja ina sura yake. Gari limekimbia vizuri, umelizima kusubiri kivuko cha Kamanga, baada ya robo saa haliwaki, au linawaka na kutetemeka. Kwenye L24 manifoldi ya kuingiza na ya ekzosi ziko upande mmoja, kabureta zikining'inia juu ya joto. Ukizima, petroli kwenye bakuli inachemka. Fungua boneti, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata bila kupampu. Tiba ya kudumu ni kurudisha bati la kuzuia joto (mafundi wengi hulitoa na kulisahau), kusogeza bomba la petroli mbali na ekzosi, na kurudisha vipande vinene visivyopitisha joto kati ya kabureta na manifoldi.

Ukimaliza yote haya na silinda moja bado inamisi, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Injini nzima husoma karibu kilo 12 kwa sentimita ya mraba, ila kwa mwinuko wetu tarajia pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi, na usiruhusu mtu akuambie injini imekwisha kwa sababu ya pengo hilo. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda moja ikiwa chini mno, mimina kijiko cha oili ndani upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Hapo sasa ndipo mazungumzo ya kufungua injini yanaanza kuwa ya haki.

Linachemsha

Kosa linalorudiwa sana mjini hapa ni kutoa thamosteti. Gari likichemsha, thamosteti inatupwa, na kila mtu anaridhika kwa wiki moja. Thamosteti ya 240Z hufunguka karibu nyuzi 82. Bila hiyo maji hukimbia mno, injini hukaa baridi barabara ikiwa wazi, petroli huosha oili kwenye silinda, na kwenye foleni ya Buzuruga bado litachemsha kwa sababu tatizo la asili lipo pale pale. Ipime kwenye sufuria ya maji juu ya jiko: isipofunguka maji yakikaribia kuchemka, nunua mpya. Ikifunguka irudishe.

Rejeta kwa nje ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Ukikaa karibu na ziwa unajua yale mawingu ya vijidudu yanayopanda juu ya maji kama moshi. Gari likipita ndani yake, hujaa kwenye mapezi ya rejeta, hukauka na kuwa kama ugali uliogandia sufuriani. Osha kwa maji yasiyo na nguvu sana kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili vitoke vilikoingilia. Mashine ya kuoshea magari ya presha kubwa hukunja mapezi, iweke mbali.

Kisha kagua mkanda wa feni, na feni yenyewe. Injini ikiwa moto na imezimwa, feni ikizunguka kama pangaboi ukiisukuma kwa kidole, klachi yake imechoka. Mfuniko wa rejeta nao una kazi kubwa kwetu kuliko pwani. Maji yaliyo wazi hapa Mwanza huchemka karibu nyuzi 96. Mfuniko mzima wa kilo 0.9 unasukuma kiwango hicho juu ya nyuzi 110. Raba yake ikikakamaa, gari litamwaga maji ingawa halina kosa jingine.

Ndani ya rejeta ni habari ya maji yaliyotumika. Maji ya ziwa, ya kisima au ya bomba yanaacha magamba na yanakula hedi ya alumini. Tumia kuulanti iliyochanganywa na maji safi yaliyochujwa madini. Ukijaza upya, hewa hubaki juu ya hedi na geji hupanda ghafla. Egesha gari likitazama juu ya mlima, na Mwanza hatukosi mlima, fungua swichi ya hita ya ndani, washa, ongeza maji mpaka mapovu yaishe.

Usifungue mfuniko wa rejeta likiwa moto. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuuachia.

Simama na uite fundi wa injini ukiona mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe mtamu kwenye ekzosi. Ni gasketi ya hedi, au hedi imepinda. Usiliendeshe hata kilomita moja kulipeleka gereji, livutwe. Hedi ya alumini iliyopashwa moto mara moja hunyooshwa, ikipashwa mara tatu huwa ya kutupwa, na ya L24 huipati dukani Pamba Road.

Breki

Pedali ikizama polepole ukiikanyaga, angalia kwanza kama mafuta yanavuja kwenye ngoma za nyuma (vuta kipira cha wili silinda, ndani kuwe kukavu), kisha masta silinda. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna hewa. Gari likivuta upande mmoja, kaliperi ya mbele imeshikana au mpira wa breki umevimba ndani. Huo wa mwisho hauonekani kwa nje: mafuta huenda lakini hayarudi, na tairi moja huwa la moto. Kwa gari lililolala miaka, badilisha mipira yote ya breki bila kusubiri dalili.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 pekee. Oili ya aina nyingine yoyote huvimbisha raba zote. Na vumbi la breki shu za zamani usilipulize kwa hewa. Shu za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha kwa maji, futa, funga kitambaa kwenye mfuko.

Breki sina ushauri wa kati. Kama hujawahi kufungua masta silinda, mwite anayejua. Jaribio la kwanza lifanyike uwanjani tambarare kwa mwendo wa kutembea, si kwenye mteremko wa Isamilo.

Taa hafifu, fyuzi boksi inayeyuka

240Z hupitisha umeme wote wa taa kubwa ndani ya swichi ya usukani na fyuzi boksi. Viungo vikipata kutu, vinapata joto, plastiki inalainika. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Safisha vibanio, kisha mwambie fundi umeme akufungie relei mbili ili umeme mzito utoke betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Chini ya hapo angalia mkanda, altaneta, halafu regyuleta yake iliyo pembeni. Ukisikia harufu ya waya unaoungua, toa hasi ya betri kwanza, maswali baadaye.

Harufu ya moshi au petroli ndani ya gari

Umbo la nyuma la gari hili huvuta moshi wa ekzosi kuurudisha ndani likiwa mwendoni. Unapitia raba ya mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma na matundu ya nyaya. Ziba yote, kisha kagua ekzosi yenyewe. Petroli ikinuka, sababu kubwa ni mipira ya hewa ya tangi iliyofichwa nyuma ya paneli ya pembeni. Kichwa kikianza kuuma ukiendesha, fungua vioo usimame. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa ekzosi haina rangi wala haitoi taarifa.

Kutu

Kwetu ziwa ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna chumvi ya Tanga au Zanzibar. Tuna mvua za masika na vuli, unyevu, na magari mengi yaliyofika hapa baada ya miaka pwani. Uliza gari limeishi wapi.

Chukua bisibisi butu na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Anza chini ya trei ya betri, maana tindikali hudondokea hapo. Inua zulia sakafu za mbele. Lala chini uguse reli mbili za chasi zilizo chini ya sakafu. Angalia pembe za chini za fenda za mbele, matao ya matairi ya nyuma, kisima cha tairi ya akiba na mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Mfereji huo ukiziba kwa majani ya mwembe, maji huingia miguuni mwa dereva, na mtu anaweza kubadilisha sakafu nzima huku chanzo kikiwa juu.

Kutu ya juu juu ikwangue mpaka chuma king'ae, paka praima ya zinki siku hiyo hiyo. Usilale ukiiacha wazi, asubuhi umande wa ziwani utakuwa umeshaigusa. Tundu dogo kwenye fenda au sakafu likatwe mpaka bati zima, lichomelewe bati jipya. Kuweka puti juu ya kutu ni kuahirisha tatizo na kuliongezea gharama.

Kabla ya kuchomelea toa betri, chomoa altaneta, toa zulia na raba zote karibu, weka mtu mwenye mtungi wa moto pembeni. Tangi la petroli halichomelewi nyumbani, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke hubaki kwenye maungio na hulipuka.

Kutu ikiwa kwenye reli za chasi, kwenye minara ya shokapu au kwenye vizingiti vya milango, simama. Bodi la gari hili ndilo chasi. Ukikata kizingiti bila kulifunga kwa vyuma vya kulishikilia, bodi hulegea katikati na milango haitafunga tena. Mtafute fundi bati mwenye kulipima kabla na baada, umuulize atalifunga vipi. Asipokuwa na jibu la swali hilo, lirudishe nyumbani.

Linagonga "du!" nyuma unapoachia klachi

Wengi hukimbilia kununua difu. Kwanza tazama raba ya mauntini ya mbele ya difu, inapasuka kwa umri na difu huruka juu kila unapoondoka. Pili krosi za propela shafti na za eksoli: shika kwa mkono, pindua huku na huku, pasiwe na mchezo. Tatu bushi za mikono ya nyuma. Likiwa linalia "uuuu" mwendoni na sauti inabadilika ukiachia mafuta, angalia kiasi cha oili, ijaze 80W-90 ya GL-5. Sauti ikiendelea, difu lifunguliwe na fundi mwenye geji ya saa ya kupimia meno, kwa sababu kupanga meno kwa kukisia kutaliua ndani ya mwezi.